Moto wa Bibi Niyomwungere

Kila siku, jua likiwa bado halijachomoza vizuri juu ya vilima vya Murugina, Winifrida alikuwa ameshamaliza kazi ambazo mtu mvivu angezigawa kwa wiki nzima. Alifagia uwanja, akachota maji bombani, akaosha vyombo, akamkorogea mdogo wake uji, kisha akanawa miguu na kuvaa sare. Njiani kwenda shule aliimba. Waliomfahamu walijua kwamba siku Winifrida akinyamaza, ama ni mgonjwa, ama kuna mtu amemuudhi.

Alikuwa darasa la sita, na ndiye aliyeanzisha nyimbo katika kwaya ya watoto kanisani. Baba yake, Mzee Nduwayezu, alikuwa mzee wa kanisa. Alivuka mpaka kutoka Burundi akiwa mtoto mgongoni mwa mama yake, akakulia huku, akapata uraia, akalima maharage na muhogo, na kila gulio alipeleka mazao yake Kasulu. Ufunguo wa kanisa ulikuwa mfukoni mwake. Jumatano jioni aliwafundisha watoto, na somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa juu ya hofu. Aliwaambia kuwa anayemcha Mungu hana sababu ya kuogopa bundi, wala kivuli, wala pembe iliyofungwa kitambaa chekundu.

Winifrida aliyameza maneno hayo yote bila kubakiza. Mtoto akiamini, huamini kweli. Ni sisi wakubwa tuliojifunza kuamini nusunusu.

Msimu ule mvua zilikuwa nyingi, na pamoja na mvua zikaja homa. Watoto kadhaa walilala hoi. Halafu radi ikaua mbuzi wa jirani yao Tharsisi. Badala ya kuuliza habari za vyandarua, watu wa Murugina walianza kuulizana habari za majirani. Haukupita muda kila mdomo ukawa na jina lile lile. Walilitaja kwa sauti ya chini: Bibi Niyomwungere.

Bibi huyo alikuwa mjane, aliishi peke yake karibu na kina Winifrida, na macho yake yalikuwa mekundu. Hayo ndiyo yaliyokuwa makosa yake yote. Kwa miaka mingi alikuwa akichemsha chikichi na kukamua mawese, na kijiji kizima kilikula mafuta yake. Lakini mtu akishataka kumwona mchawi, hata moshi wa jikoni humpa ushahidi.

Ndipo Venanti alipoitisha mkutano wa vijana. Venanti alikuwa fundi pikipiki mwenye akili na maneno makali. Hakusali popote, na hakuficha. Alisema amewaita kamchape, wale vijana wanaozunguka vijijini wakidai kutoa uchawi majumbani, nao wangefika Jumamosi. Kila kaya itoe mchango na kuku mmoja. Kamchape wataingia ndani, watachimbua uchawi kama upo, kisha wataipaka miimo ya mlango majivu meupe kuonyesha nyumba ni safi. Nyumba itakayokataa, watu watajua wenyewe ina nini.

Shuleni, wakati wa mapumziko, habari ilikuwa hiyo tu. Rafiki mkubwa wa Winifrida, Mpawenimana, ambaye pia aliimba kwaya, alisema kwao wameshatoa kuku. Winifrida alimkodolea macho.

"Si juzi tu tumeimba kwamba hatuogopi?"

"Jumapili ni Jumapili, Wini," Mpawenimana akajibu. "Jumamosi ni mambo ya kijiji. Usijifanye mlokole peke yako."

Wenzao wakacheka. Winifrida alihisi masikio yanamwaka. Akasimama juu ya jiwe, watoto wote wakimsikia, akasema kwao kamchape hawaingii, na kuku wao hatoki. Akaongeza kuwa kama hawaamini, waje Jumamosi watazame.

Aliporudi nyumbani alikuwa bado ana hasira, lakini ilikuwa hasira yenye raha ndani yake, kwa sababu alijua nyuma yake yupo baba. Akaingia jikoni kutafuta maji ya kunywa. Pale pembeni, kando ya mtungi, alimkuta jogoo wao mkubwa amelala ubavu, miguu imefungwa kwa kamba ya katani.

Hakuhitaji kuuliza. Hata hivyo aliuliza, kwa sababu moyo haukukubali. Baba yake alikuwa kibarazani akinoa jembe.

"Baba, jogoo ni wa mgeni gani?"

Mzee Nduwayezu hakuinua uso. "Ni wa Jumamosi."

Winifrida akapiga goti kama alivyofundishwa kuongea na mkubwa, lakini maneno yaliyotoka hayakuwa ya kupiga magoti. Alisema baba ndiye aliyewafundisha kuwa pembe ni pembe tu. Alisema ameshawaambia watoto wote shuleni. Mwisho akauliza, "Jumapili utasimama mbele utusomee nini, baba?"

Baba aliweka jembe chini. Hakukasirika, na hilo lilimtisha Winifrida zaidi.

"Sikiliza, mwanangu. Mimi siwaogopi hao vijana na mikoba yao. Ninaowaogopa ni majirani. Nimezeeka katika kijiji hiki, lakini siku mtu akigombana nami, neno la kwanza analolikumbuka ni mkimbizi. Tukikataa peke yetu, watasema uchawi ni wa kwetu. Watakuja na viberiti. Kuku mmoja si kitu. Mungu anaujua moyo wangu."

"Na Bibi Niyomwungere? Kila mtu anajua wakifika kwake watatoa pembe. Watamchomea nyumba."

Baba akasema neno lake limeisha, akachukua jembe na kuondoka. Jioni ile hakuna aliyemsikia Winifrida akiimba.

Kulipokucha Ijumaa, badala ya kuvaa sare, alikaa mbele ya jiko akifikiri. Huko milimani, hata leo viberiti vinapojaa madukani, mtu moto wake ukizimika huchukua kigae akaenda kuomba kaa la moto kwa jirani. Watu hawafanyi hivyo kwa kukosa kiberiti tu. Kuomba moto ni kusema kwamba mimi na wewe hatuna neno. Ukiona watu wameacha kuomba moto nyumba fulani, ujue nyumba hiyo imetengwa. Zamani nusu ya majirani waliwasha moto wao kutoka kwa Bibi Niyomwungere, maana moto wa chikichi hauzimwi. Tangu uvumi uanze, hakuna mguu uliokanyaga uwanja wake. Tena walisema atakayepikia moto wake atakuwa ameshiriki uchawi wake.

Moto wa kwao ulikuwa unawaka vizuri. Winifrida akachukua kata ya maji akaumwagia wote. Majivu yakaruka hadi kwenye dari.

Mama yake, Dorcas, aliingia mbio akikohoa. "Umerogwa wewe?"

"Mama, moto umezimika. Naomba niende kwa jirani kuomba."

Dorcas alimtazama binti yake, akalitazama jiko lililolowa, akamtazama na jogoo. Alikuwa mwanamke wa maneno machache. Akainama, akaokota kigae cha chungu nyuma ya mlango, akampa.

"Nenda. Ila usikimbie. Ukikimbia watadhani umeiba."

Winifrida hakukimbia. Bibi Niyomwungere alikuwa ameketi karibu na pipa lake la kuchemshia chikichi, na aliposikia salamu alishtuka kana kwamba ametukanwa.

"Mwaramutse, nyogokuru," Winifrida alimsalimu kwa Kirundi, kama alivyowasalimu bibi zake. "Mama anaomba moto."

Bibi alikitazama kile kigae. "Moto? Kwangu mimi?"

"Ego, ndiyo, kwako."

Bibi akayainamia makaa yake. Alichagua makubwa, akayafunika majivu ili yasipoe, na machozi yakamtoka. Safari hii hayakuwa ya moshi. Winifrida naye alitaka kulia, lakini alijizuia kwa sababu alijua njia ya kurudi ilipitia bombani.

Bombani palikuwa na foleni ya wanawake na wasichana, na karibu yake kibanda cha Venanti. Winifrida alishika kigae kwa majani ya mgomba, akakiinua juu kidogo wote wakione. Mazungumzo yakakatika. Mpawenimana, aliyekuwa akikinga ndoo, alitazama chini. Venanti akatoka kwenye kibanda chake akifuta mikono.

"Binti, unajua ulichobeba?"

"Moto."

"Wa nani?"

"Wa jirani yangu," Winifrida akasema.

Venanti akacheka kidogo. "Mwambie baba yako umeshamchagulia upande. Mimi wala siwashangai nyie watu. Nusu ya waliotoa kuku ni kwaya. Heri mimi nisiyeimba."

Habari hiyo ilifika shambani kabla ya saa ya chakula. Mzee Nduwayezu alirudi nyumbani na watu wawili watatu wakimfuata kwa mbali, wajue atafanya nini. Winifrida alikuwa amesimama mlangoni akisubiri fimbo. Alishaamua hatakimbia, na akichapwa hataomba radhi kwa moto. Kama huo ni utovu wa adabu, angemwomba Mungu msamaha.

Baba alichungulia jikoni. Ugali wa muhogo ulikuwa tayari, na maharage yenye mawese yalitokota juu ya makaa. "Huu ndio moto wenyewe?"

"Ndiyo, baba."

Akageuka akatazama nje. Huko barabarani watu walikuwa wakijifanya wanasalimiana. Kisha akauliza ni nani aliyemfundisha mtoto huyu ukaidi namna hii. Dorcas, akipakua, akajibu bila kugeuka.

"Ni wewe. Kila Jumatano jioni."

Mzee Nduwayezu akavuta pumzi. Akamwambia mkewe asimwekee chakula ndani. Akabeba kigoda mwenyewe, akakiweka katikati ya uwanja mahali ambapo kila apitaye angemwona, akanawa, akasali kwa sauti, akala. Alikula polepole, tonge baada ya tonge, akichovya vizuri. Alipomaliza akaomba aongezewe. Halafu akaenda jikoni akamfungua jogoo, ambaye alitoka akikimbia upande upande kwa ganzi ya miguu, akaruka juu ya ukuta na kuwika saa ambayo si ya kuwika.

Jumamosi kamchape walikuja kwa pikipiki, wakiwa na ngoma na mikoba ya ngozi. Kiongozi wao alikuwa kijana aliyevaa miwani myeusi, ingawa alidai anaona hadi ndani ya mioyo ya watu. Waliingia nyumba baada ya nyumba. Kuku walijaa kwenye matenga. Miimo ikapakwa majivu, hata ya mwalimu wa kwaya. Mwishowe ngoma ikageukia kwa Bibi Niyomwungere, na kijiji kizima kikafuata nyuma. Wengine walikuwa tayari na viberiti.

Walipofika uwanjani walikuta benchi limewekwa mbele ya mlango. Walikuwa wameketi hapo Mzee Nduwayezu, Dorcas, na Winifrida katikati. Pembeni yao, kwenye kiti alichokuja nacho mwenyewe, aliketi Mzee Gharibu mwenye duka, kofia yake kichwani. Asubuhi ile Mzee Gharibu alikuwa amepita kwa kina Winifrida akasema kuwa dini yake nayo inamkataza mambo hayo, na kwamba haoni kwa nini Wakristo wawe na ubishi peke yao.

Kiongozi wa kamchape akaamuru wapishe. Mzee Nduwayezu akainuka.

"Sisi hatumzuii mtu. Lakini anayekuja kutafuta kitu katika nyumba ya mwenzake, aingie mikono mitupu. Wekeni mikoba yenu hapa, mkunje mikono ya mashati, tuwapekue mbele ya watu hawa wote. Kisha ingieni, mtafute mpaka mchoke."

Kiongozi akasema mikoba ina dawa, haishikwi na mtu yeyote.

"Dukani kwangu mteja huacha mkoba mlangoni," akasema Mzee Gharibu. "Na mimi nauza sabuni tu."

Mtu mmoja akacheka, kisha wawili. Yule kiongozi akapandwa na hasira, akapaza sauti kuwa anayemkinga mchawi ni mchawi, na wakimbizi wameleta uchawi wao kutoka kwao. Neno lile likafanya kazi yake. Jiwe likatoka katikati ya watu likamgonga Mzee Nduwayezu begani. Akayumba, akashika benchi, akaketi tena palepale.

Winifrida aliona damu ikilowesha shati la baba yake. Hofu ilimshika kwelikweli, hofu ya kutaka kukimbia. Hakujua la kufanya ila lile alilolizoea, kwa hiyo akaanza kuimba. Sauti ilitoka nyembamba na iliyokwaruza, chini kabisa ya ile ya Jumapili. Mama yake akaipokea. Kisha kutoka katikati ya umati sauti nyingine ikaingia, ile ya pili, ambayo kwa kawaida iliimbwa na mtu mmoja tu. Mpawenimana alipita mbele ya watu wote, machozi yakimtiririka, akaja kuketi chini miguuni pa Winifrida. Mama yake akamfuata akitaka kumvuta, akafika pale, akasita, mwisho akaketi naye.

Mlango ukafunguka nyuma yao. Bibi Niyomwungere akatoka, akiegemea mwimo.

"Macho yangu ni moshi, wanangu," alisema. "Moshi wa mafuta mliyokula nyote. Ningekuwa na uchawi, ningeanza kwa kuponya macho."

Watu wakatazamana. Hapo ndipo Venanti, ambaye ndiye aliyewaleta kamchape, alipojipenyeza hadi mbele. Winifrida alikaza mwili. Lakini Venanti alimgeukia yule mwenye miwani.

"Acheni mikoba. Kama kazi yenu ni ya kweli, hasara iko wapi?"

Hawakuacha mikoba. Walisema kijiji hiki kimeoza, wakatupa laana za kutosha, wakapanda pikipiki zao na matenga ya kuku, wakashika njia ya Kasulu. Kuku hawakurudishwa. Vile viberiti vilirudi mifukoni kimoja kimoja, na wenye viberiti wakakumbuka kuwa wana kazi nyumbani.

Sitawadanganya kwamba kijiji chote kilibadilika siku hiyo. Kuna waliokaa muda mrefu bila kuwasalimia kina Winifrida. Hata hivyo, siku zilizofuata akina mama waliwapeleka watoto zahanati, wakapimwa, wakaonekana wana malaria, wakapewa dawa na kupona kama watu wengine.

Jumapili, kesho yake baada ya kamchape kuondoka, Mzee Nduwayezu alisimama mbele ya kanisa, bega limefungwa kitambaa. Biblia alikuwa ameifunga. Aliwaambia washarika kuwa hatasoma kabla hajasema jambo moja: kuku wa kwake alishafungwa kamba, na aliyemfunga ni yeye mwenyewe.

"Nilisema Mungu anaujua moyo wangu, kumbe nilikuwa natafuta pa kuuficha. Waswahili husema nguo ya kuazima haisitiri matako." Watoto wakaziba midomo wasicheke, naye akawaacha wacheke kidogo. "Imani ya kuvaa Jumapili na kuivua Jumamosi ndiyo nguo hiyo. Binti yangu alikataa kuivua. Nami nimekubali kufundishwa na mtoto niliyemfundisha."

Mwalimu wa kwaya aliinamisha kichwa. Hakuna aliyemnyooshea kidole, kwa maana vidole vingekuwa vingi.

Walipotoka walimkuta Venanti amesimama nje, chini ya dirisha, ameegemea pikipiki yake. Ilionekana alikuwa hapo tangu mwanzo. Mzee Nduwayezu akamkaribisha aingie siku nyingine.

"Siahidi, mzee," Venanti akasema. "Nilikuja kusikia kama leo utasema kama ulivyofanya jana. Miaka yote hii nimewasikia mkiimba. Jana ndiyo mara ya kwanza nimewaona."

Akawasha pikipiki, akaenda zake. Winifrida alimtazama hadi alipopotea kwenye kona, akamuuliza baba yake kama Venanti amewasifu au amewatukana.

"Vyote viwili," baba akajibu, "na vyote ni haki yetu. Shika jambo hili, Winifrida. Aliye ndani ya kanisa husikia wimbo. Aliye nje haoni wimbo; huona tu miguu yetu inaelekea wapi tukishatoka. Kwa hiyo mtu wa Mungu ajitahidi miguu yake iseme sawa na mdomo wake, hata kama njia yenyewe ina mawe."

Walikuwa wamefika kwenye njia panda. Mkono wa kushoto ulikwenda kwao, ambako chakula kilikuwa kinawasubiri. Mzee Nduwayezu akashika mkono wa kulia, kwa Bibi Niyomwungere, na familia yake ikamfuata. Nyuma yao, bila kuitwa na mtu, Mpawenimana na mama yake nao wakageuza miguu.